Fundi Aliyenikataza Kuficha Dawa

Fundi aliyetutundikia kabati la dawa amefariki. Simu ilinikuta Jumanne asubuhi nikianika alizeti uani, hapa Mwankoko, nikakaa palepale juu ya turubai. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa seremala aliyefanya kazi kwangu siku nne, miaka miwili iliyopita, na tangu hapo tukawa tunasimama njiani kusalimiana na kutaniana. Lakini nimelia, wasomaji wangu, na kilio changu kina sababu ambayo hadi juzi sikuwa nimemwambia mtu.

Mambo yalianzia bafuni. Mama yangu mzazi alikuwa amehamia kwetu na dawa zake za presha, nami nikataka kabati la kuzamishwa ndani ya ukuta, mlango wake kioo kitupu, mgeni akiingia kunawa aone sura yake basi. Wakwe zangu huja mara kwa mara, na sikutaka wajue nyumba yangu inameza vidonge gani. Fundi akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akacheka. "Mwandishi, ukuta wako mwembamba huu. Nikichimba inchi nne natokea chumbani kwenu. Na bomba la maji linapita hapahapa." Nikamwambia achimbe tu, hela ni yangu. Akaiweka nyundo chini. "Sichimbi. Nyumba yenye mzee inataka kabati la kutundika. Leo mama anafika hapa juu. Mkono ukija kuwa mzito, nafungua skrubu, nalishusha. La ndani ya ukuta utalishushaje? Halafu unamficha nani? Mama akizidiwa na wewe hupo, jirani atajuaje dawa ziliko?" Mama, aliyekuwa mlangoni, akamsifu kwa Kinyaturu, na fundi, mzaliwa wa Issuna, akamjibu kwa lugha hiyohiyo, wakacheka wawili hao huku mimi nimenuna. Basi likatengenezwa la kutundika, la mbao za mninga, kubwa la kuonekana tangu mlangoni.

Siku ya kulitundika aliniomba nimpe skrubu kutoka kwenye sanduku lake la vifaa. Nilipofungua kopo, nikakuta chini ya skrubu vidonge vimeviringishwa kwenye nailoni. Nikauliza ni vya nini. Alishuka kwenye stuli taratibu. "Vya sukari. Mwaka wa tatu huu. Nyumbani hawajui." "He! Si wewe uliyenisema juzi?" nikamwambia. Hakucheka. "Kaka, riziki yangu iko juu ya paa. Mke wangu akijua atawaambia dada zake, dada zake watasema sokoni, na nani atampandisha mtu wa sukari akamwezekee nyumba? Nitabaki kugongea watu miguu ya viti. Nitunzie siri hiyo." Nikamtunzia. Tena, Mungu anisamehe, nilijiona muungwana.

Wala hakuwa anasingizia. Sisi wenye nyumba tunamwajiri fundi kwa kumtazama mabega. Akikohoa mara mbili tunaulizia mwingine, na akianguka tunasema alikuja na ugonjwa wake kutoka kwake. Mwalimu akiugua anapewa ruhusa, karani vilevile. Fundi akiugua anapoteza kazi aliyoianza na ile aliyoahidiwa. Halafu tunashangaa kwa nini watu wanaficha. Tumewafundisha wenyewe, na mimi nilikuwa na tofali zangu uani zikisubiri fundi mwenye mabega, kama wengine.

Tulimzika Issuna. Baada ya mazishi mjane alinisimulia. Mumewe alirudi kutoka kazini mchana akitokwa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wakadhani ni malaria. Wakamlaza, wakamfunika blanketi, wakasema apumzike kwanza. Alipokuwa haamki wakampeleka hospitali, na pale mke alipoulizwa mgonjwa anatumia dawa gani, akajibu bila kusita, "Mume wangu hatumii dawa yoyote." Walipompima, sukari ilikuwa imeshuka mno, maana vidonge vile vikimezwa bila chakula huishusha, na muda ulikuwa umekwenda. "Chai, shemeji," akaniambia. "Wamesema angepewa mapema hata kikombe cha chai yenye sukari, huenda angerudi. Na chai ilikuwepo jikoni."

Nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nikamwambia nilijua habari ya vidonge vyake vya sukari.

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka miwili."

Hakupiga kelele. Akauliza, "Katika miaka hiyo miwili, shemeji, umenisalimia njiani mara ngapi?" Wakaingia wanawake wa kutoa pole, akainuka kuwapokea, akaniacha nimekaa kwenye mkeka na aibu yangu.

Sina la kujitetea. Kila tulipokutana aliniuliza hali ya mama, nami nikamuuliza hali ya watoto, tukaagana. Nilikuwa na neno moja la kumwambia na sikumwambia, kwa sababu niliogopa fundi asije akaninunia. Wewe uliyekabidhiwa siri ya ugonjwa wa mtu, mtafute mmoja anayelala naye chini ya bati moja, umwambie leo. Mwenye siri atakasirika, atakuita msaliti, atakupita njiani bila salamu. Mwache apite. Atakuwa anapita kwa miguu yake.