Siku Niliyoweka Kalamu Chini Studioni

Redio ilikata kauli katikati ya kipindi.

Kila aliyekuwa amefungulia kituo kile alasiri ile ya Jumapili alidhani betri zimemwishia. Wapo waliozipiga redio zao makofi. Wapo walioanza kugombana na watoto: nani kagusa?

Hakuna aliyegusa. Mimi ndiye niliyeinyamazisha, na sikukata waya wala kuzima mtambo. Niliweka kalamu mezani, nikakunja mikono, nikala jiwe: kimya.

Tulieni, mtanielewa.

Niko mwaka wa mwisho chuo kikuu, nasomea historia ya dini. Utafiti wangu ulihusu wanawake wa kanisa la kwanza: Fibi wa Kenkrea, Prisila ambaye, pamoja na mumewe, alimketisha Apolo na kumfundisha upya, Maria Magdalena na wenzake walioamkia kaburini.

Kituo kile kilikuwa na kipindi cha dini, na mtangazaji wake tulimwita Koo la Asali. Akikusalimu tu, unajisikia umesamehewa dhambi.

Nilimpelekea makala yangu. Tukakubaliana: mimi niandike mfululizo mzima, yeye asome, na kipindi cha mwisho anitambulishe, niseme machache kwa sauti yangu.

Watu walimpenda hadi wakaanza kupiga simu na maswali. Hapo ndipo tulipobuni utaratibu wetu. Mimi naketi mbele yake. Swali likiulizwa, naandika jibu kwenye kipande cha karatasi, nakisukuma mezani, anakiokota na kukisoma kana kwamba kimetoka moyoni mwake.

"Swali zuri sana, dada yangu," alikuwa akisema, huku jicho liko kwenye kalamu yangu.

Bibi yangu naye alikuwa msikilizaji wake. Kila Jumapili wanawake wenzake walijaa sebuleni kwake, redio iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama biharusi. Sheria yao ilikuwa moja: kipindi kikianza, hakuna kuongea. Anayetaka kukohoa, mlango ule pale.

Sikumwambia bibi. Nilitaka alisikie jina langu kwanza kutoka kwenye redio ile.

Kisha mhadhiri wangu akaniita ofisini.

"Kazi hii nimeisikia redioni, binti. Neno kwa neno."

"Niliiandika mimi, mwalimu."

"Kila mwizi husema hivyo. Mtangazaji akiri mwenyewe, la sivyo kazi hii naifuta na unarudia mwaka."

Yaani nimeibiwa, halafu mimi ndiye mwizi.

Jumapili ya kipindi cha mwisho nilimkuta Koo la Asali studioni, anachana ndevu ambazo hakuna msikilizaji atakayeziona.

"Leo ndiyo siku yangu, kaka. Na chuoni wanataka kusikia kwamba kazi ni yangu."

Akacheka. "Mdogo wangu, wasikilizaji hawapendi kuchanganywa."

"Nitarudia mwaka."

"Mwaka ni nini kwa kinda kama wewe? Halafu sauti ya msichana kwenye mambo mazito ya Mungu haikai masikioni. Inasikika kama porojo."

Mkononi alishika kurasa zangu za siku ile. Ukurasa wa juu ulikuwa Luka ishirini na nne: wanawake wanarudi kutoka kaburini na habari, na mitume wanayaona maneno yao ni upuzi.

Alikuwa hajausoma. Hakuwahi kusoma kabla ya taa nyekundu ya kuingia hewani kuwaka, na hata taa ikiwaka alisoma kwa mdomo tu. Masikio yake yalikuwa likizo.

Sikulia. Hasira yangu ilipoa, ikaganda, na kitu kilichoganda kina ncha.

Kipindi kikaanza. Akasoma vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha simu ya kwanza ikaingia.

"Hujambo, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina kaswali kadogo. Ule waraka kwa Warumi, ulituambia nani aliubeba?"

Ilikuwa sauti ya bibi.

"Swali zuri sana, mama yangu," akasema, akanyoosha mkono kusubiri karatasi.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Mkono wake ukabaki hewani kama wa mtu anayesubiri chenji. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alisimama, maana redioni kimya ni moto umeshika nyumba.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama. Waraka ule... ulibebwa na Timotheo."

Nyuma ya bibi nikasikia kicheko cha wanawake.

"Timotheo. Ulitusomea Fibi, mwanangu, tena ukasema wataalamu wengi ndivyo wanavyoamini. Mimi nikalia hapa. Leo Fibi umempeleka wapi?"

"Ni... usahaulifu wa kibinadamu, mama."

"Haya. Na aliyemfundisha Apolo pamoja na mumewe?"

Jasho lilimtoka hadi kwenye ndevu zile alizozichana. Akanikazia macho. Nami nikamkazia.

"Mwanangu," bibi akasema kwa upole wa kuchinja, "sisi huku tunasikiliza. Kila ukiulizwa, kwanza karatasi inachakacha, ndipo hekima inakuja. Leo karatasi haikuchakacha. Mpe kipaza sauti huyo anayekuandikia."

Koo la Asali akampungia fundi aweke muziki. Fundi, ambaye alikuwa ameviona vikaratasi vyote, akatazama dari. Kisha akasukuma kitufe, na taa nyekundu ikawaka mbele yangu.

"Ni Prisila, bibi," nikasema. "Na aliyeubeba waraka ni Fibi."

"Umechelewa, mjukuu wangu. Mimi nilikujua tangu kipindi cha kwanza. Huyo mtangazaji wako alisema Maria alikimbia kutoka kaburini kama aliyeacha chungu motoni. Nani mwingine husema hivyo isipokuwa mimi?"

Jioni nilipofika kwake ndipo nilipojua yote. Wale wapigaji simu wa kila Jumapili, yule mwenye sauti nzito, yule mwenye mafua, yule wa "naomba ufafanuzi", wote walikuwa wanawake wa sebule ile wakipokezana simu moja. Walikuwa wakiuliza ili wausikie mchakacho.

Nilidhani kisasi ni changu. Kumbe kilikuwa kimeinjikwa kitambo, mimi nimefika wakati wa kuepua.

Mhadhiri alipokea kazi yangu. Hakuomba radhi, alisema tu kwamba naye alikuwa anasikiliza. Kipindi sasa nakisoma mimi.

Koo la Asali husoma matangazo ya dawa ya mende. Nafungulia kila siku nimsikilize, na nikisema sioni raha nitakuwa mwongo.

Nimefundishwa kwamba kisasi ni juu ya Bwana, na naamini. Ila asubuhi ile ya kaburi, aliwapa habari wanawake kwanza. Na wewe unayekula jasho la binti kwa sababu huku kwako hakuna anayemsikia, kumbuka: kila redio ina upande wa pili, na upande huo una masikio.