Kugawana Rundo

Mwezi uliopita hoteli ilitutumia maswali kwenye simu. Tulitakiwa tuchague, kati ya mambo kumi, yapi yanatufanya tuone tunathaminiwa kazini. Kulikuwa na chakula cha mchana, sare mpya, vocha ya duka, siku ya michezo ufukweni, zawadi ya mfanyakazi bora, na mengine ambayo hata sikuyaelewa. Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu iliyoandikwa "Lingine, eleza." Niliikodolea macho nafasi hiyo mpaka muda wa chai ukaisha, kisha nikaizima simu bila kuandika neno. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, tena la aibu, na lilitaka nafasi kubwa kuliko ile.

Mimi ni dobi katika hoteli moja ya Diani. Nimefua na kukunja mashuka ya wageni kwa miaka mingi hata vidole vyangu vimekuwa laini, havina alama tena. Mashine ya pale langoni, ile ya kuweka kidole ili ijue umefika, hunikataa kila asubuhi, na askari hunicheka kila asubuhi kana kwamba ni kichekesho kipya. Nyumbani kwetu ni Mwabungo.

Msimamizi aliyenitangulia alikuwa mama wa Msambweni, mkali wa kupindukia. Ukichelewa alikusema mbele ya watu, ukiacha mkunjo kwenye foronya alikurushia usoni. Siku za kawaida hakuna aliyempenda, nami nikiwamo. Lakini likifika jambo, mtu amefiwa au mtoto anaungua homa, mama yule alikuwa na neno moja tu: "Nenda." Hakuuliza nani amekufa wala utarudi lini. Kisha alikwenda kwenye meza ya aliyeondoka, akalibeba rundo lake la mashuka na kulipitisha kwetu mmoja mmoja. "Hili lako. Hili lako. Hili langu." Ilikuwa mwiko kugusa rundo lako kabla ya kumaliza fungu la mwenzako. Aliyefiwa akirudi alikuta meza yake safi, na hakuna aliyemkumbusha.

Jambo hilo halikuandikwa popote. Wenye hoteli sidhani kama walilijua.

Mama yule alipostaafu nilipewa nafasi yake, na mwaka huohuo ukaja uongozi mpya na mambo yake. Kila rundo likapewa kibandiko chenye jina la mtu, na mashine ikawa inasoma nani amemaliza nini. Ukimaliza unapata pointi. Mtu asipokuwapo bila ruhusa ya ofisi, idara nzima inapunguziwa. Sitaki kujifanya mtakatifu, mimi pointi nilizipenda. Palikuwa na wavivu wawili watatu ambao kwa miaka walijificha nyuma ya migongo yetu, na nilifurahi kuwaona wanatoa jasho. Tena kulikuwa na zawadi iliyonikosesha usingizi. Msimamizi atakayeongoza angeruhusiwa kumtia mzazi wake mmoja kwenye bima ya matibabu.

Mama yangu alikuwa na maradhi ya moyo. Kila nilipomkuta amekaa kitandani asubuhi, akihema kama mtu aliyepanda mlima, niliapa kwamba kadi ile nitaipata.

Wakati huo nilikuwa nakunja mashuka na mwenzangu mmoja wa Gazi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha huku, mwingine kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana. Tulifanya hivyo kwa miaka sita. Nilikuwa nikijua kwa mvuto wa shuka tu kama amelala vizuri. Alikuwa mdogo kwangu, akiniita Mama. Mamake mzazi alifariki akimzaa, akalelewa na mamake mdogo, mwanamke aliyekuwa akipanda miche ya mikoko na wenzake pale Gazi na kurudi jioni na matope mpaka magotini. Mama mdogo huyo ndiye aliyekuwa mama yake. Alikuwa amemwachia usia mmoja, naye alinisimulia mara nyingi tukiwa kazini: "Siku yangu ikifika, usiniachie mikono ya watu. Unioshe wewe."

Siku ilifika. Ilikuwa asubuhi, tumeanza tu kazi, nikamwona amesimama na simu sikioni. Alinijia.

"Mama, mama yangu amenitoka. Tangu alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole mwanangu, pole sana."

"Watamzika baada ya Adhuhuri. Wananingoja mimi kumwosha. Wamesema watangoja mpaka saa nne."

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na nusu. Kutoka Diani mpaka Gazi kwa bodaboda si mwendo mrefu. Neno lilikuwa moja tu, nami nililijua, nimelisikia miaka chungu nzima. Badala yake nilisema, "Ngoja kwanza nitie ombi lako kwenye sistimu."

Mwezi ule ulikuwa wa mwisho wa mashindano. Idara yetu ilikuwa imeitangulia ya jikoni kwa pointi chache sana. Yeye naye alikuwa na barua mbili za onyo, zote kwa sababu ya mtoto wake mgonjwa, na ya tatu ingemwondoa kazini. Kwa hiyo hakuweza kujiendea tu. Alihitaji mtu amfungulie mlango, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilijaza fomu. Ikakataa. Waliokubaliwa kufa walikuwa mume, mke, mzazi na mtoto. Nikapiga simu ofisini, akapokea dada mmoja wa bara, mtu mwema kwa kweli.

"Woi, mpatie pole zangu," alisema. "Lakini mama mdogo hayuko kwenye list. Hiyo lazima meneja mwenyewe aapprove, na saa hii yuko mkutano. Mwambie asijali, akitoka tu nitamshow."

Nilimweleza mwenzangu. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Mama, yule wa zamani angenambia niende."

Nami nikamjibu, "Yule wa zamani hakuwa na sistimu."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa hiki. Kisha nikashika ncha ya shuka, naye akashika ncha ya pili, kwa sababu nini kingine tungefanya? Tulivuta, tukakutana, tukaachana. Alijikaza kisabuni. Machozi yalimdondoka juu ya shuka jeupe na kila mara aliyafuta haraka kwa mkono, asije akalazimika kulifua tena. Wenzetu waliinamisha vichwa. Hakuna aliyethubutu kwenda kwenye meza yake, maana rundo lilikuwa na jina lake. Saa tatu ikapita, na saa nne ikapita. Ruhusa ililetwa saa tano na nusu. Alitoka mbio na sare ya kazi.

Siku ya tatu tulikwenda Gazi, sisi wa udobi, na sukari na unga wetu. Alitupokea kwa adabu zote, akatukaribisha mkekani, akaniletea chai mimi mwenyewe, kwa mikono miwili. Aliponikaribia nilimuuliza kwa kunong'ona kama aliwahi. Alitikisa kichwa. Alifika wanaume wamekwisha kulitia jeneza mabegani, wanatoka nalo uani. Waliomwosha ni jirani mmoja na mwoshaji aliyeitwa kutoka kijiji cha pili.

"Walimwosha vizuri," alinambia, kana kwamba mimi ndiye wa kuliwazwa. "Wamesema maji yalikuwa vuguvugu."

Laiti angenitukana. Nilikunywa chai ile mpaka tone la mwisho na sikujua ladha yake.

Mwezi huo niliongoza. Nilipigiwa makofi kwenye ukumbi wa wageni, na baada ya wiki kadi ya bima ikaja, ina picha ya mama yangu na buibui lake jeusi, amekaza macho kama anayeshtakiwa. Alifurahi sana. Aliionyesha majirani wote. Sikumwambia jinsi ilivyopatikana. Kadi ilimpeleka hospitali mara mbili, akapimwa, akapewa dawa nzuri, na siwezi kusema haikuwa na faida. Ilimwongezea miezi kadhaa, na miezi hiyo niliila pamoja naye. Lakini kila alipoitoa kwenye mkoba wake niliangalia pembeni.

Kisha asubuhi moja simu yangu ikalia kazini. Alikuwa ndugu yangu. Mama ameondoka.

Mzazi yumo kwenye orodha. Mimi nilikuwa na haki ya kujaza fomu, na ningejibiwa kwa dakika chache. Nilisimama pale kwenye meza kuu ya kukunjia nikitaka kuifungua simu, nikaweka kidole, ikanikataa. Nikaweka kingine, ikanikataa. Nikasahau hata tarakimu za kuifungulia, mimi ninayezibonyeza kila siku. Mashine zilikuwa zinanguruma, na sikuwa na akili ya kufanya jingine ila kuendelea kuweka kidole.

Mwenzangu alizunguka meza. Aliichukua ile simu mkononi mwangu taratibu, akaitia kwenye mfuko wa sare yangu.

"Nenda, Mama," alisema.

"Fomu..."

"Nenda. Maji yasije yakapoa."

Akanipa mgongo, akaenda kwenye meza yangu, akalibeba rundo langu lenye jina langu. Nikiwa mlangoni nilimsikia. "Hili lako. Hili lako. Hili langu." Wote walinyoosha mikono, hata wale wavivu. Mashine ya kusomea pointi ilikuwa palepale ukutani na hakuna aliyeitazama.

Nilifika Mwabungo mapema. Mama alikuwa bado kitandani kwake, amefunikwa kanga. Tulimhamisha, tukatundika shuka la kusitiri, tukajaza ndoo. Nilitia mkono majini kupima, yakawa vuguvugu. Nikaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa, nikamwosha mkono, bega, ubavu, kwa vidole hivi visivyo na alama. Alikuwa mwepesi. Nilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia akiwa hai, na la kadi nalo nikamwambia.

Mwoshaji, mama mtu mzima wa mtaani kwetu, alidhani nalia kwa ajili ya mama yangu tu. Alinishika bega akasema, "Shukuru Mungu, mwanangu. Umewahi. Wengi hawawahi."