Kiti cha Mama na Benchi la Saruji

Kwa muda mrefu tuliililia ile njia ya miguu na baiskeli inayoshuka kutoka mtaani kwetu hadi katikati ya mji wa Embu. Hatimaye ikatengenezwa. Wakaweka taa, wakapanga mawe vizuri, na mwanzo wa njia, kati ya ukuta na mtaro, wakasimamisha vigingi vitatu vya chuma vya kuzuia bodaboda. Bodaboda ya kwanza ilipita asubuhi hiyo hiyo bila hata kupunguza mwendo. Kilichokwama ni kiti cha magurudumu cha mama yangu.

Miguu ya mama iligoma, lakini mikono yake bado ina nguvu, na alichotaka ni kimoja tu: kujipeleka mwenyewe kanisani kwa mazoezi ya kwaya, asisukumwe na mimi kama mkokoteni wa viazi. Nilipima nafasi ya vigingi kwa kamba, nikapima kiti, kisha nikarudia, maana kamba nayo hudanganya. Kiti kilizidi kwa vidole viwili.

Kwenye mkutano wa mradi nikasimama. "Pale mwanzo wa njia tuna shida ya kiti. Mtusaidie."

Afisa akaandika. Watu wakapiga makofi.

Wiki iliyofuata tukakuta benchi jipya la saruji kando ya vigingi.

"Si mliomba kiti?" fundi aliyelijenga akasema. "Kiti ndio hicho."

"Fundi, huyu mama amekuja na chake."

Akayatazama magurudumu. "Ooh! Hicho kiti."

"Sasa toa kigingi kimoja."

"Madam, kigingi kiko kwa plani."

"Na benchi lilikuwa kwa plani?"

"Benchi ni ya wananchi."

"Basi chukua benchi, nipe vidole viwili. Hapo umepata faida."

Akacheka, akakataa. Bodaboda yenye gunia la majani ya muguka ikapita katikati yetu, ikatupigia honi tuiachie njia.

Mama akachoka na biashara yetu. "Kijana, wenzangu wanaanza kuimba. Nivushe."

"Sawa, cucu," fundi akajibu, akimwita bibi kwa heshima. Tukamhamishia kwenye benchi. Fundi akakunja kiti, akakipitisha juu ya vigingi, akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi.

"Na mimi?" mama akauliza.

Fundi akamtazama mama, ambaye hajawahi kuwa mwembamba. Akakitazama kigingi.

"Na hiyo ni kazi ya leo tu," mama akaendelea kwa upole. "Kuna Alhamisi. Na Jumapili."

Fundi akaenda kuleta mtaimbo.