Tulifika Kabuchai na Jeneza

Mwanangu, kuna siku moja ambayo haijanitoka moyoni. Sogea nikusimulie, maana nasikia kanisa linataka kuwatuma nyinyi vijana upande wa Bungoma, na mnabishana kama safari yenyewe ina faida.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nikiimba kwaya hapa Kiminini. Wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua mashamba huku Kitale, na kanisani tuliomba na kuimba kwa Kikikuyu tu, utadhani Mungu alihama nasi kwa lori moja. Kati yetu alikuwepo Mbukusu mmoja kutoka huko huko Bungoma, Wafula, kijana aliyefanya kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi. Alijifunza nyimbo zetu zote, akaziimba kutushinda. Sisi hatukujua hata kumsalimia kwa lugha yake.

Karibu kila Jumapili alituomba jambo lile lile. "Si twende kwetu Kabuchai, bana. Mama hajawahi kusikia hii Neno vizuri."

Tulimwambia tutaenda. Mara njia ina matope, mara tunapalilia, mara nani atatafsiri. Ukweli ni kwamba tuliwaona watu wa kwao kama watu wa mbali, na wala si mbali. Ukiondoka asubuhi, chakula cha mchana unakula huko.

Kisha malaria ikampata Wafula, ikapanda kichwani, akafa. Hivyo ndivyo tulivyofika Kabuchai mara ya kwanza, tukiwa na sare za kwaya, kipaza sauti na jeneza lake.

Mhubiri wetu alihubiri vizuri, sitamsingizia. Alieleza jinsi Yesu alivyolia kwenye kaburi la rafiki yake. Tukaimba, tukazika, tukala, dereva akaanza kupiga honi. Kwetu mazishi yakiisha watu huenda zao. Kwao msiba hukaliwa hadi siku wafiwa wanaponyolewa nywele, siku chache baada ya maziko, na anayeondoka mapema huonekana hakumpenda marehemu. Hatukuwa tumeuliza.

Mama yake alitufuata hadi kwenye gari. Hakupaza sauti.

"Wafula alikuwa anasema iko na ndugu mingi huko Kiminini. Nilikuwa nangoja wakuje siku moja wakunywe chai. Sasa mmemleta kwa sanduku. Na mnasema ati Yesu alilia kwa kaburi ya rafiki yake. Nyinyi mbona mnakimbilia gari?"

Niliteremka peke yangu, gari likaenda. Nilipofungua Biblia nimsomee, aliniwekea mkono gotini akasema, "Usisome, msichana yangu. Kaa tu."

Nikakaa hadi siku ya kunyoa, nikichota maji, nikiosha vyombo, nikilia naye. Kila niliporudi baadaye alinipokea kama binti yake, lakini nikitaja Neno ananyamaza. Alikufa akiwa amenyamaza hivyo hivyo. Kama aliamini, Mungu ndiye ajuaye. Mimi sijui, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi nenda, mwanangu. Usingoje njia ikauke. Jifunze lugha yao kabla ya kuwafundisha lolote, uliza wanavyolia wafu wao, kula wanachokula, kaa nao wakuzoee. Na mtu akikuita kwao, ujue ana mpendwa wake huko, anahofia atakufa kabla hajalisikia Neno.

Mungu akutangulie, akulinde njiani, na akufikishe mlangoni mwao, wote wakiwa hai.