Masomo ya Kusifiwa Siku ya Mahari

Hapa mtaani kwetu Buyenzi watu wanamchagulia mtoto masomo kama wanavyochagua kitambaa cha harusi: kinachong'aa ndicho kizuri. Kazi yenyewe hakuna anayeiuliza. Wanawaza siku ya mahari tu, msemaji wa familia akisimama mbele ya wakwe, atamtaja binti kwa cheo gani.

Mjukuu wangu alipofaulu darasa la tisa, ilibidi achague section, yaani mkondo wa masomo, kabla ya Jumatatu. Baba yake alivukia Gatumba akaingia Kongo, akatusahau. Mama yake, binti yangu, ni marehemu. Basi akaja mjomba wake, mwanangu mkubwa, mwenye diploma ya sheria, anayeshinda Rohero na koti lake akizunguka mbele ya ofisi za watu. Akaketi, akala wali wangu, akatoa hukumu.

"Informatique. Mambo ya kompyuta."

"Shule yenyewe haina kompyuta hata moja," nikamwambia. "Mtoto wa jirani anafundishwa kwa mashine iliyochorwa ubaoni. Mwaka mzima anabonyeza chaki!"

"Mama, we huelewi. Jina ni kubwa. Siku ya mahari nitasema, 'Mutoto yetu ni informaticienne,' wakwe watanyamaza."

"Na wakishanyamaza, atakula nini?"

Akacheka kile kicheko chake cha wenye diploma. Mjukuu wangu ameinamisha kichwa, anang'ata kucha. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nililea msichana, sikulea mbuzi wa kuvutwa kwa kamba.

"We una ulimi," nikamwambia. "Mjomba wako hataishi maisha yako, na mi nitakufa. Unataka nini?"

Akanong'ona, "Bibi, nataka soudure. Kuchomelea vyuma."

"Sema asikie!"

Akasema, hata majirani wakasikia.

Mjomba akaruka. "Apana! Mutoto mwanamuke na masizi usoni? Nani atamuoa? Nitasema nini mbele ya watu?"

"Sema umeshiba. Hiyo ni kweli."

Akavaa koti, akatoka bila kuaga, akidhani tutamkimbilia hadi barabarani. Mtoto alitaka kuinuka, nikamshika nguo, akakaa.

Jumatatu nilivaa kitenge changu kizuri, tukaenda kumwandikisha. Mkuu wa shule akaniuliza kama mkubwa wa familia amekubali. Nikamwambia mkubwa mwenyewe ndiye anayemtazama.