Programu Iliyogoma Kaisho

Nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa kule Ihanda, na nilikuwa nimejifunza mwenyewe kuandika programu ndogo ya kujaza fomu za wakulima kwenye kompyuta. Ofisini kwetu ilifanya kazi vizuri. Nikapanda bodaboda kuipeleka ofisi ya Kaisho, ambako mama karani alikuwa na maumivu ya kiganja kwa kuchapa kutwa nzima.

“Shikamoo, mama. Leo utapumzika.”

“Marahaba. Tuone.”

Nikaiwasha, isifanye chochote. Mama akarudisha mikono kwenye kibodi bila kunilaumu, na aibu ikanishika.

Nikakaa kuchunguza. Programu ilikuwa inatafuta dirisha la kwenye skrini lenye kichwa “Wakulima Ihanda”, lakini hapa dirisha lilelile liliandikwa “Wakulima Kaisho”. Kumbe kila kompyuta huweka jina la ofisi yake, nami nilikuwa nimeiagiza programu ilinganishe kila herufi. Nikabadilisha mstari mmoja tu: itafute dirisha lolote linaloanza na neno “Wakulima”, yanayofuata isiyajali.

Safari hii fomu zikaanza kujijaza zenyewe. Mama aliweka mikono mapajani, akatazama skrini.

“Na kwenye ofisi yetu ya Murongo itakubali?” aliuliza.

“Itakubali.”

Siku mbili baadaye nilifika Murongo, na ikakubali mara ya kwanza, sikugusa hata herufi. Njiani kurudi nilicheka peke yangu juu ya pikipiki, hadi dereva akaniuliza kulikoni.