Shukrani Iliyotangulia Dawa

Binti yangu ni mtafiti ng'ambo, katika maabara inayochunguza kwa nini chembe za mwili huzeeka, na kwa nini nyingine hukataa kuzeeka zikawa kansa. Huchukua kirusi, akakiondolea uwezo wa kuleta ugonjwa, kisha akakitumia kubeba jeni nzima hadi ndani ya chembe yenye jeni mbovu. Mimi nililielewa hilo baada ya kumsikiliza kwa simu miaka mingi. Dada yangu mkubwa alisikia neno dawa tu.

Dada alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari wa hapa Goma alimshauri akatwe mapema, kabla haujasambaa. Lakini binti yangu alikuwa amepiga simu kwamba anakuja na sanduku lake la baridi la kazi, na dada akaahirisha operesheni. Jumapili iliyofuata alitoa shukrani kanisani. Kwetu mtu hushukuru kabla ya kupokea, na mimi, mzee wa kanisa, nimewaona wengi wakifanya hivyo. Alileta mbuzi na viazi kutoka mashamba ya Kibumba, akashuhudia kwamba Mungu amekwisha kumponya kwa mkono wa mtoto wa kwetu. Akina mama walimwimbia na kucheza.

Binti alishukia Kigali, akavuka mpaka, akakuta kikundi cha maombi kimejaa sebuleni kwangu. Kabla hajapewa chai, walikuwa wameweka mikono juu ya sanduku. Alidhani wanashukuru kwa safari yake.

"Fungua, mutoto wangu," dada alisema. "Nimevaa nguo ya kufunguka mbele. Unichome mara moja."

Binti alifungua. Ndani mlikuwa na vichupa vitupu.

"Shangazi, nimekuja kuomba damu ya wazee, tuone chembe zao zinazeeka namna gani. Dawa sijaleta. Bado haipo."

"Na ile uliyomwambia baba yako kwamba inaponya?"

"Inaponya panya. Tena si wote."

"Yesu wangu," mama mmoja alisema, "tumeombea chupa!"

Wengine walicheka. Dada alifunga vifungo vyake.

Walipoondoka, alibaki ameketi nasi wawili. Hakuogopa kisu sana. Aliogopa madhabahu.

"Nikienda kukatwa, watasema nilidanganya mbele ya Mungu. Na mbuzi imekwisha kuliwa."

"Shangazi, ule uvimbe hausubiri watu wamalize kusema. Ungekuwa mwilini mwangu, ningekatwa kesho."

"Wewe? Na masomo yote hayo?"

"Mimi. Na masomo yote haya."

Dada alinigeukia. "Na wewe, muzee wa kanisa, unanyamaza?"

Nilimwambia kwamba shukrani yake aliitoa kwa Mungu, hakuitoa kwa sindano. Aliomba chai, akainywa yote.

Jumapili alisimama tena, safari hii bila mbuzi.

"Nilishukuru, na shukrani yangu siirudishi," alisema. "Ila nilimpangia Mungu njia ya kupita. Jumatano wananikata. Muniombee."

Hakuna aliyecheza. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Nje, akina mama walianza kubishana nani atapeleka uji hospitali na nani atalala naye.

Siku ya operesheni, binti alimwomba ruhusa ya kuchukua kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti. Hospitali ilikuwa imekwisha kukubali.

"Kitasaidia nini?" dada aliuliza.

"Wewe, hapana. Pengine mutu mwingine, siku moja. Pengine hakuna."

"Kumbe nyama yangu itapanda ndege, na mimi Kigali sijafika! Chukua."

Daktari alituambia baadaye kwamba kwapani, mahali uvimbe kama huo husambaa kwanza, hakuona kitu, ila dada lazima arudi kupimwa. Anarudi kila anapoitwa. Binti bado yuko na panya wake. Nawaombea wote wawili asubuhi, na kwa dada nashukuru kwa kile ambacho tayari tumepokea.